Taka ya Anti Beryl

Mafuta ya kondoo yakishaganda kwenye kikaango hutoa harufu ambayo sijawahi kuipenda, na ndiyo harufu ninayoitafuta kila ninapopita kwenye barabara moja ya Moseley, hapa Birmingham, yenye nyumba ndefu za matofali mekundu. Siku hizi hakuna kinachonukia pale ila kahawa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya sabini nyumba zile, zilizojengwa kwa ajili ya matajiri na watumishi wao, zilikuwa zimekatwakatwa kuwa vyumba vya kupanga, na katika mojawapo mimi na mama tulikuwa na chumba kimoja cha ghorofa ya juu kabisa, chenye vitanda viwili, kabati lililoinama upande, na dirisha lisilofunga vizuri. Jiko lilikuwa la wapangaji wote. Lilikuwa ghorofa moja chini yetu, kwenye kona ya ngazi, dogo kiasi kwamba watu wawili wakiingia mmoja alilazimika kukumbatia sufuria yake kifuani. Humo ndimo yalimokaa mafuta ya kondoo, katika bakuli la udongo lililofunikwa na sahani, na mwenye bakuli alikuwa Anti Beryl.

Mama alikuwa ametangulia Birmingham kusomea uuguzi, akaniacha Voi kwa bibi yangu. Nilipoletwa kwake nilikuwa na miaka minane, na kusema kweli nilimjua zaidi kwa picha kuliko kwa sura. Tulihitaji muda wa kuzoeana, na muda ndio kitu ambacho hospitali haikumpa. Alifanya kazi kwa zamu. Mara aondoke sijaamka, mara arudi nimeshalala, mara tupishane mlangoni yeye akivaa koti na mimi nikivua langu. Nilivaa ufunguo shingoni kwa uzi wa viatu. Shuleni watoto hawakuwa wabaya, walikuwa tu na marafiki zao tayari, na baada ya kunishika nywele wiki ya kwanza na kuridhika, waliniacha. Nikitoka shule nilipanda ngazi, nikafungua chumba, nikakaa kitandani na koti langu kwa sababu ya baridi, nikasikiliza nyumba. Nilikuwa mpweke, na sikujua kwamba hali ile ina jina. Nilidhani Uingereza ndivyo ilivyo, kwamba watu wote wako hivyo nyuma ya milango yao.

Anti Beryl alinikuta jikoni siku moja nikijaribu kuwasha jiko la gesi kwa kijiti cha tano cha kiberiti. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mwekundu wa uso, mwenye mikono minene iliyojaa madoadoa ya jua, ingawa jua lenyewe alikuwa amelikosa kwa muda mrefu. Alitoka Australia, sehemu ya ndani yenye ukame na kondoo wengi kuliko watu, na huko alikuwa akipikia makundi ya wanaume waliozunguka mashambani kukata kondoo manyoya. Aliolewa na Mwingereza mzaliwa wa Birmingham, mume akamleta kwao, na hata miaka miwili haikuisha akamfia. Asubuhi alipika kwenye jiko la shule moja, mchana akarudi, na kuanzia hapo hadi siku ya pili hakuwa na mtu wa kumwambia hata neno. Aliniwashia gesi. Kisha akaniuliza jina, nikamwambia Wakesho, naye bila kufikiri akalikata katikati na kuniita Kesho. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Ilibidi nimweleze kwamba ameniita siku inayofuata leo, na yeye akasema basi vizuri, atakuwa na uhakika wa kuniona.

Watu wa kwao, niligundua, hawana subira na neno refu. Hulikata, wakalitia mkia mfupi, wakaendelea na safari. Alasiri ilikuwa “avo”. Kifungua kinywa kilikuwa “breki”, na mara ya kwanza aliponiuliza kama nimeshakula breki nilifikiria gari. Kuku alikuwa “chuk”, neno ambalo lilitua sikioni mwangu likiwa chuki, na soseji zilikuwa na jina ambalo siwezi kuliandika bila kulikosea. Aliponiambia niende kwake kwa chai nilikwenda nikitarajia kikombe, nikakuta sahani yenye vipande viwili vya nyama ya kondoo, viazi, njegere na sosi ya nyanya iliyomwagwa bila huruma. Kumbe chai kwao ndicho chakula cha jioni. Kile kikombe chenyewe kilikuja baadaye, cheusi na kikali, maana aliamini maziwa mengi ni dawa ya wagonjwa. Alinionjesha pia uji mzito mweusi wa chumvi aliokuwa akitumiwa kutoka kwao kwenye chupa, akiupaka kwenye mkate kidogo sana kama mtu anayepaka marhamu kwenye jicho. Mimi nilichota kijiko kizima. Alikaa chini akacheka huku mimi nimeinamia sinki, na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kuchekwa na mtu mzima hapo kabla nikafurahi.

Ikawa desturi. Nikitoka shule sikupanda tena hadi juu, niliishia jikoni. Yeye alinipa maneno yake na mimi nikampa yangu: kijiko, sufuria, maji, chumvi, nzuri. Aliyatamka kwa kuyavuta puani, lakini aliyashika. Jumanne ilikuwa siku ya kushusha pipa uani ili gari la jiji lije kulibeba, na Jumanne moja, tukiwa tumelishika pipa huku na huku kwenye ngazi, aliniuliza hivi vilivyomo tunaviitaje. Nikamwambia: taka. Alilitua pipa. Alinitazama, akaniomba nirudie, nikarudia, na hapo alicheka hadi akakohoa, akajifuta macho kwa aproni, akasema maneno ya haraka haraka ambayo sikuyapata. Nilijiona nimesema jambo la maana. Jumanne zilizofuata kila tuliposhika pipa alinikonyeza na kusema, “Taka!” nami nikamjibu, “Taka!” na tukashuka nalo.

Wakati huohuo, bila mimi kujua, mama alikuwa na shida. Mtu fulani alikuwa amemwambia mtu fulani kwamba mtoto wa yule muuguzi Mwafrika hukaa peke yake, na mkuu wake wa kazi akamshauri afanye kama wanafunzi wengine kutoka Afrika walivyofanya, yaani anitafutie familia ya Kiingereza ya kunilea siku za wiki. Mama hakutaka. Alikuwa ameniacha mara moja na aliahidi kutorudia. Jioni moja akiwa ananisuka aliniambia yote, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia. “Huyo Beryl wako,” akasema, “ukimtazama hivi, ni mtu wa kuaminika?” Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Basi akaamua kwamba Jumapili yake ya mapumziko atamkaribisha chakula cha mchana, ampikie vizuri kwa heshima, na wakishakula, chai ikiwa mezani, amwombe rasmi awe mlezi wangu. Nilihesabu siku kwa vidole. Nilijua kabisa kwamba mlo ule ndio ungeamua kama nitabaki na mama au nitapelekwa kwa watu nisiowajua.

Niseme kitu kuhusu mama na chakula chake katika nyumba ile. Miezi michache kabla, mpangaji mmoja alikuwa amebandika karatasi kwenye mlango wa jiko ikiwaomba “baadhi yetu” wafikirie wengine kabla ya kupika vitu vyenye harufu. Haikutaja jina, haikuhitaji. Mama aliisoma, akaibandua, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye mkoba wake, na tangu siku hiyo alipika dirisha likiwa wazi hata theluji ikianguka. Kwa mlo ule alikwenda hadi Balsall Heath, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyekulia Kisumu, mtu pekee mjini aliyemwamkia mama kwa Kiswahili, akanunua nazi mbili, mchele mzuri, bizari na dania. Mbuzi ya kukunia nazi hatukuwa nayo. Alitumia kikwaruzo cha jibini, na nazi ya pili ilipokwisha vidole vyake viwili vilikuwa vimechunika. Alivifunga plasta za hospitali, akaendelea kukamua tui.

Anti Beryl alikuja amevaa gauni la maua na kupaka rangi ya mdomo. Tulikula chumbani kwetu, kwenye meza tuliyoitandika shuka jeupe: wali wa nazi, kuku wa mchuzi, kachumbari. Mama alizungumza Kiingereza kizuri, cha vitabu na cha wadi, lakini Kiingereza cha Anti Beryl kilimpita, kwa hiyo mimi nilikaa katikati nikiwa mkalimani, na sijawahi kukalia kiti kwa fahari namna ile. Anti Beryl alikula sahani ya kwanza yote. Akaomba ya pili. Alipoimaliza aliweka uma chini, akajipigapiga tumbo kwa viganja viwili, akanigeukia na kunikonyeza. “Sasa hiyo, Kesho,” akasema kwa lugha yake, “hiyo ndiyo ninayoiita taka!”

Mama alikuwa ameinamia birika. “Amesemaje?”

“Amesema hii ndiyo taka,” nikajibu huku nikicheka, maana tulikuwa tukitaniana kwa neno lile majuma kadhaa.

“Taka?”

“Taka!” akadakia Anti Beryl, akifurahi kwamba na mama ameingia kwenye mchezo. Akatafuta neno jingine katika yale machache niliyompa, akalipata, akalisema kwa sauti kubwa, “Taka nzuri!”

Mama alitabasamu. Ni tabasamu lile ambalo baadaye maishani nilimwona akiwapa madaktari. Akamimina chai, akamuuliza mgeni kama anataka sukari, akazungumzia hali ya hewa, na mazungumzo yakaishia hapo. Lile swali halikuulizwa. Anti Beryl aliaga kwa kushukuru mara nyingi, na mlango ulipofungwa mama alikusanya vyombo bila kunitazama. Nilimwambia alikuwa anatania tu. “Nani alikudanganya kwamba tusi linageuka utani mtu akicheka?” akasema. Nikaona niokoe jahazi, nikasema neno ambalo nimelijutia maisha yangu yote. Nilisema, “Lakini Mama, ni mimi niliyemfundisha hilo neno.” Mama akasimama na sahani mkononi. “Ulimfundisha na maana yake?” Nikasema ndiyo, tulikuwa tumebeba pipa. “Basi alijua alichosema,” akasema. “Mimi nichunike vidole, nimtandikie shuka, halafu anicheke mbele ya mwanangu. Mtu huyo hatanilelea mtoto.”

Siku ya pili yake tulikuta sahani nje ya mlango wetu, imefunikwa kwa kitambaa safi. Zilikuwa keki za vipande vya mraba vilivyochovywa kwenye chokoleti na kugaragazwa kwenye nazi kavu, keki za kwao za kushukuru. Mama aliirudisha sahani ikiwa imejaa vilevile, akaiacha mlangoni pake. Nilikatazwa kwenda jikoni mama asipokuwepo. Baada ya mwezi nilikuwa Perry Barr, upande wa pili wa jiji, kwa mlezi wa Kiingereza.

Mwanamke aliyenipokea huko, Bi Hodges, hakunitendea ubaya wowote, na sitaki mtu anielewe vibaya. Shuka zake zilikuwa safi, maji yake ya kuoga moto. Lakini chakula kilikuwa na saa zake na saa hizo hazikuwa na maneno. Viazi vya kuchemsha, njegere za kopo, kijiko kinagonga sahani, saa ya ukutani. Hakuna aliyeniuliza kitu chochote kinaitwaje. Nilizoea kujilaza chali na kuvitaja vitu vya chumbani kwa Kiswahili kimoyomoyo, pazia, mto, dari, ili visinitoroke, na vingine vilinitoroka hata hivyo. Ijumaa nilirudi kwa mama, na Jumapili alasiri alinipeleka kituoni, akanipandisha basi namba kumi na moja, lile la ghorofa mbili linaloizunguka Birmingham nzima, akamwomba kondakta anishushe Perry Barr ambako Bi Hodges alinisubiri. Majuma ya kwanza nilimng'ang'ania shingoni nikilia mbele ya watu wote. Baadaye niliacha. Ilipofika kiangazi mama alikuwa akiniuliza jambo kwa Kiswahili nami nikimjibu kwa Kiingereza, na wala sikujisikia nikifanya hivyo.

Jumamosi moja ya mwaka uliofuata nilimkuta Anti Beryl kwenye ngazi na masanduku mawili. Alikuwa anarudi kwao. Tulikuwa hatujazungumza tangu siku ya mlo, na nadhani asingeniuliza kama asingekuwa anaondoka. Aliniuliza alimkosea nini mama. Nikamwambia, kwa sababu nilikuwa na hasira naye pia, kwamba aliita chakula chetu taka. Alikaa juu ya sanduku. Akasema ndiyo, aliita, na angeita tena, maana kwao taka, wanayoiandika “tucker”, ni chakula, ndilo neno ambalo wale wakata manyoya walilipigia kelele mlangoni pa jiko lake kila mchana kwa miaka ishirini, na hakuna sifa kubwa zaidi ambayo mtu angempa mpishi. Siku ya pipa alicheka kwa sababu hiyo. Mezani alikuwa amefanya mzaha wa lugha mbili, yangu na yake, mzaha pekee wa Kiswahili aliokuwa nao, na alidhani tumeuelewa wote. Alitaka kupanda kumweleza mama, lakini mama alikuwa kazini na teksi ilikuwa inapiga honi nje. Alinibana kifuani, gauni lake likinuka mafuta ya kondoo, akaenda. Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje nisilisikie neno lile miezi yote ile. Huenda nililisikia, ila kabla sijampa taka yangu sikio langu halikuwa na sababu ya kuidaka yake.

Sikumwambia mama. Nilikuwa na miaka karibu kumi na nilielewa hesabu yenyewe vizuri sana: si Anti Beryl aliyenipeleka Perry Barr, ni tafsiri yangu. Niliogopa akijua ataniona nilivyojiona. Nilikaa kwa Bi Hodges miezi mingine minane, hadi mama alipohitimu na kupata saa za kawaida, na siri ile nikahama nayo, nikakua nayo.

Nimefanya ukalimani hospitalini kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimekaa katikati ya daktari na mama kutoka Bukavu, daktari na mzee kutoka Tanga, daktari na kijana wa Nairobi ambaye Kiswahili chake kinanilazimu nikimbie kukifuata, na neno likinitatiza hata kidogo nasimamisha kila mtu na kuuliza, samahani, una maana gani hapo? Wengine huudhika. Mimi siwezi kufanya vinginevyo. Nyumbani wajukuu wangu hunielewa na kunijibu kwa Kiingereza, na siwagombezi, kwa sababu nakumbuka jambo hilo lilivyonitokea, bila kelele, kati ya Ijumaa na Jumapili. Perry Barr imejaa majengo mapya ambayo siyatambui. Kinachonisumbua ni jinsi jambo lile lilivyokuwa dogo. Leo mtoto angeliandika neno kwenye simu na maana ingetokea kabla chai haijapoa. Nilikuwa nikijifariji hivyo, kwamba tulikosa tu njia ya kujua.

Mama sasa ana umri mkubwa na anaishi nami. Majira ya baridi yaliyopita, tukiwa tunakula mchana, nilimwambia. Nilimweleza neno, pipa, ngazi, masanduku, yote, na nikamwomba msamaha kwa tafsiri yangu. Aliendelea kutafuna taratibu.

“Nilijua,” akasema. “Ulikuwa hujamaliza hata mwezi kule. Kulikuwa na nesi mmoja wa Australia wadini kwetu. Toroli la chakula lilipoingia akalisema hilohilo neno, nikamuuliza.”

Nilihisi hasira ambayo sikuwahi kudhani ningeihisi kwa mama yangu katika umri wangu huu. Nikamwambia Anti Beryl alikuwa bado pale, ngazi chache tu chini yetu, mwaka mzima.

“Niliona haya, Wakesho. Nilikuwa nimemrudishia keki zake. Ningeshuka nimwambie nini?” Akanitazama. “Na wewe ulikuwa umeshaacha kulia.”

“Sikuacha, Mama. Nilikuwa nasubiri basi liondoke.”

Alipangusa meza kwa kiganja pasipokuwa na kitu.

“Kwani ulikuwa unakaa wapi?”

“Juu, kiti cha nyuma kabisa. Huko hakuna aliyeniona.”

“Nilikwambia ukae chini, karibu na kondakta,” akasema. “Jumapili zote zile mimi nilikuwa nayapungia mkono madirisha ya chini.”